Spana Namba Kumi na Tatu

Kuna mambo mawili ambayo Mejumaa Chirau hayafanyii mzaha: chumvi ya mbaazi na kuhesabu vivuli. La mbaazi ni lake na shangazi yake, tuwaachie wenyewe. Hili la vivuli ndilo lililomlea kazini, na ndilo lililokaribia kumwangusha mbele ya watu waliokuja kumsikiliza.

Vivuli vyenyewe si vya watu. Katika karakana anayofanya kazi, kule Shimanzi nyuma ya maghala, kuna ubao mkubwa mweupe ukutani. Kila chombo cha kazi, iwe spana, nyundo, koleo au bisibisi, kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi. Ukikitundika mahali pake, kivuli chake hufunikwa. Kivuli kikibaki wazi, cheusi, chombo hakipo, na mtu hatoki. Awe ana harusi, awe ana msiba, awe ana miadi na mkwewe, hatoki. Jioni, saa kumi na moja kasorobo, Mejumaa husimama mbele ya ubao, mikono kiunoni, akapitisha macho safu baada ya safu. Mzee Joab, fundi mkuu, huwa amesimama mlangoni, kaziba njia kwa mwili wake mnene.

"Zote zipo?" huuliza.

Mejumaa akijibu "Zote zipo", ndipo watu huvua ovaroli.

Mejumaa ni mzaliwa wa Waa, ng'ambo ya Likoni, mtoto wa fundi wa baiskeli aliyeweka spana zake kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Alisoma uhandisi wa mitambo papa hapa Mombasa. Sasa ana miaka thelathini na mitatu, na anakaa Kibokoni, katika Mji wa Kale, chumba cha juu nyumbani kwa shangazi yake. Shangazi hutamba kwa majirani kwamba bintiye ni injinia, kisha akimwona anaingia humwambia, "Injinia gani wewe wanuka dizeli? Hebu kaoge kwanza, ndipo unipe salamu." Mejumaa hucheka, akaenda kuoga. Ndivyo walivyo hao.

Kazi yake ni makontena ya baridi, yale makasha makubwa yenye mtambo wa kupozea upande wa mbele. Ndani yake hupakiwa parachichi, samaki na nyama, na mtambo ukizimika njiani, huko yanakofika mtu hafungui mlango bila kuziba pua. Makontena hayo huletwa karakana yakiwa matupu, yakakaguliwa, yakatengenezwa, yakatoka. Kelele za pale ni balaa: foklifti, malori, nyundo. Kwa hiyo watu wa karakana huongea kwa mikono. Mzee Joab akikunja ngumi juu, simama. Akiinua mkono na kuzungusha kidole kuelekea mbinguni, inua. Mgeni akiwatazama kwa mbali hudhani wana wazimu.

Basi mwaka huu Mzee Joab alikuwa anastaafu, mwisho wa mwezi. Mtu wa Kisumu huyo, lakini amekaa Tononoka miaka thelathini na minne, na hata ugomvi wake wa mpira ni wa timu za Mombasa. Nafasi yake ilikuwa na watu wawili wanaotajwa. Mmoja ni Mejumaa. Wa pili ni bwana fulani wa Nairobi ambaye alikuja siku moja kutembezwa, akasimama mbele ya ule ubao wa vivuli, akacheka kwa pua, akasema siku hizi vitu hivi vinawekwa kwenye kompyuta. Mejumaa alimsikia. Alikuwa chini ya kontena amelala chali, na aliuma meno mpaka taya likamuuma.

Aliitaka nafasi ile, tena sana. Hakuona haya kujiambia hivyo. Aliitaka kwa sababu ya ule ubao, na kwa sababu alijua siku bwana wa Nairobi atakapoingia, ubao utageuzwa kuwa pa kubandikia matangazo.

Mwenye kuamua alikuwa Bwana Lewis, meneja, mtu wa Kaloleni, mpole wa maneno, ambaye mafundi husema ukimtazama usoni ni sawa na kutazama ukuta. Siku Mejumaa alipopigiwa simu na Mwalimu Caroline wa chuo chake cha zamani, akaombwa aje Jumamosi na wahitimu wenzake kuwashauri wanafunzi wa uhandisi kuhusu kazi, habari zilimfikia Bwana Lewis kabla hata Mejumaa hajamaliza chai.

"Na mimi nitakuja," alimwambia. "Fundi mkuu hasimami mbele ya spana tu, husimama mbele ya watu. Nataka nikusikie."

Hapo ndipo mchuzi ulipoingia nzi. Maana Mejumaa alikuwa na siri, nayo ilikuwa ya miaka tisa, na wanafunzi, jamani, wanajua kuuliza.

Siri yenyewe ni hii. Wiki yake ya tatu kazini, bado cheti kinanukia wino, ilikuwa Jumamosi, siku ya kufunga saa saba. Rafiki yake alikuwa anaolewa Mji wa Kale na Mejumaa alikuwa hajapaka hina hata ukucha mmoja. Siku hizo desturi ilikuwa mgeni ndiye ahesabuye. Akasimama mbele ya ubao, akatazama, na safu ya pili kivuli kimoja kilikuwa wazi. Namba kumi na tatu. Hakushtuka. Namba kumi na tatu ilikuwa na tabia ya kuishia mfuko wa nyuma wa Ngumbao, fundi mwenzake, ambaye mfuko ule ungeutikisa ungetoka hata mzigo wa meli. Na Ngumbao alikuwa ameshakwenda kunawa. Mejumaa akasema moyoni, iko kwa Ngumbao, wapi tena.

"Zote zipo?" Mzee Joab akauliza mlangoni.

"Zote zipo," Mejumaa akajibu, huyoo, mbio harusini.

Jumapili alasiri alikuwa kule Mama Ngina, kando ya bahari, na shangazi yake, wanakula mihogo ya pilipili na ndimu, hina imekolea mikononi, raha mustarehe. Akamwona Ngumbao anapita na mkewe na watoto, kila mtoto na dafu lake. Wakaamkuana, wakaulizana habari za nyumbani, za kazi, za jana, za mwili, kama ilivyo ada. Kisha Mejumaa akamtania.

"Kaka Ngumbao, hebu geuka. Kumi na tatu imo mfukoni leo pia?"

Ngumbao akajipapasa, akacheka. "Leo sina, dada. Kumi na tatu jana ulikuwa nayo wewe, kwenye ile feni."

Muhogo ulimkwama. Alikumbuka pale pale. Alikuwa ameifungua feni ya mtambo, akaiweka spana juu ya ukingo wa ndani ili apanguse jasho, akaitwa, akarudi, akafunga kifuniko. Spana ilikuwa humo. Na feni ile ikiwashwa, mapanga yake yatapiga chuma, yatavunjika vipande vipande, na kontena lenyewe lilikuwa linaondoka siku ile ile kwenda bara kupakia parachichi. Shangazi alimwuliza, "Una nini, mbona umekuwa kijivu?" Mejumaa alishasimamisha tuktuk.

Alimkuta Mzee Joab nyumbani kwake Tononoka, ametoka kanisani, amevaa fulana ya ndani, anasubiri samaki wake. Mejumaa alisema yote kwa pumzi moja, pamoja na ile sehemu ngumu: kivuli alikiona, na bado akajibu zote zipo. Mzee Joab hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alisimama, akavaa viatu, akamwambia mkewe amfunikie samaki.

Walipofika Shimanzi lori lilikuwa limeshaanza kutoka langoni. Mzee Joab alisimama katikati ya barabara na ngumi yake juu. Dereva, kijana aitwaye Oliver, alikanyaga breki akatukana kwa Kiluhya. Walipanda, wakafungua kifuniko, na namba kumi na tatu ilikuwa imekaa pale pale, imetulia, upana wa vidole viwili kutoka panga la feni.

Katika kitabu cha karakana Mzee Joab aliandika kwamba kifuniko cha feni kilifunguliwa na kukazwa upya. Basi. Uongo haukuwa, na ukweli haukuwa. Kisha akaitundika spana mahali pake, akamwambia Mejumaa, "Kesho utahesabu wewe. Na kesho kutwa. Utahesabu mpaka nitakapokwambia basi."

Miaka tisa ilipita. Wageni waliingia, wakawa wenyeji, wakaingia wengine. Mejumaa akawa injinia wa kutegemewa, mafundi wakamzoea, mtandio chini ya kofia ngumu na yote. Mzee Joab hakuwahi kusema basi, na Mejumaa hakuwahi kumwuliza.

Sasa Ijumaa, siku moja kabla ya kwenda chuoni, wakati wa chai ya saa nne, alimfuata Mzee Joab penye kivuli cha kontena.

"Mzee, kesho wakiniuliza kama nimewahi kukosea, nijibu nini?"

Mzee Joab alichovya mahamri, akayatafuna mpaka yakaisha. "Wajibu ya vitabuni. Lewis atakuwepo."

"Na kitabu cha karakana?"

"Kitabu hicho nimekiandika mimi." Akatikisa kikombe. "Nenda kafanye kazi, Mejumaa."

Hakulala vizuri, lakini alikwenda. Alivaa baibui jipya na viatu vya kazi, kwa kuwa shangazi alikuwa amevificha vile vya kawaida akidhani anavipanga. Alipoingia ukumbini, wanafunzi walitazama baibui, wakatazama buti za chuma mbele, wakaanza kucheka chinichini. Mejumaa akapiga mguu chini, buti ikalia.

"Siku nyundo itakapokuangukia mguuni umevaa hizi, utanishukuru," aliwaambia. Ukumbi ukawa wake kabla hajakaa.

Lakini kwanza walianza wenzake. Kulikuwa na Maxwell, waliyesoma naye, aliyetoka Nairobi kwa treni ya asubuhi na suti ya rangi ya bilingani. Maxwell hujenga maghorofa. Alionyesha picha za maghorofa ukutani, na katika kila picha yumo yeye, amekunja mikono. Alishauri wanafunzi wawe na ndoto, wawe na malengo, waamke saa kumi za alfajiri. Kijana mmoja nyuma akauliza akiamka saa kumi afanye nini, na Mwalimu Caroline akamkata jicho. Akafuata Wendy, wa umeme wa jua, ambaye alisema mambo ya maana kuhusu kusajiliwa na bodi ya wahandisi na kutodharau kazi za vijijini, ila kwa sauti ndogo mno hata wa mbele waliambiwa na wa mbele zaidi.

Zamu ya Mejumaa ilipofika, aliona Bwana Lewis safu ya kwanza, miguu kapishanisha, uso ule ule wa ukuta. Nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa kuwa kukaa karibu na mlango ni ugonjwa wake, alikuwa Mzee Joab, kofia magotini. Ngumbao alikuwa kando yake, kaja kunywa soda za bure.

Alikuwa ameandika mambo saba kwenye karatasi. Alisoma mawili akaikunja.

"Sikilizeni niwaambie," alisema. "Siku mtakayofika kazini, cheti kiwekeni mfukoni, salamu zitangulizeni mbele. Fundi uliyemkuta pale huenda hakusoma hata darasa la nane, lakini mtambo ule ameshalala nao miaka ishirini. Msalimie. Kaa naye chai. Akikuita umshikie tochi, mshikie, usimwambie wewe ni injinia. Mimi nilishika tochi miezi minne. Kuuliza si ujinga, wanangu. Ujinga ni kujitia wajua, mpaka mtambo wenyewe ukakuumbua."

Walicheka, wakaandika. Aliwaeleza vivuli, na makontena, na namna ya kumsikia mtambo unaoumwa. Hata Bwana Lewis alishusha mguu mmoja. Mejumaa akaanza kuona kwamba shughuli inakwisha salama.

Ndipo akasimama msichana mmoja safu ya katikati, mwembamba, miwani imefungwa kwa utepe.

"Jina langu ni Mutanu, mwaka wa tatu, mitambo," alisema. "Swali langu ni la wote. Kosa kubwa mlilowahi kufanya kazini ni lipi?"

Maxwell hakusubiri hata kuulizwa. "Kosa langu kubwa," alisema akitikisa kichwa kwa huzuni, "ni kujituma kupita kiasi."

Ukumbi mzima uliguna. Wendy akasema lake ni kuwaamini watu upesi. Mutanu hakukaa. Alibaki amesimama, anashika ukingo wa kiti cha mbele, na Mejumaa akaona vidole vyake havikiachii. Huyu haulizi kwa udadisi, alijiambia. Huyu ana lake linalomla.

"Na wewe, dada Mejumaa?" Mutanu akauliza.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na Mejumaa aliiona njia iliyo rahisi imetandikwa mbele yake. Angesema kosa lake ni kufanya kazi Jumapili. Wangecheka, wangepiga makofi, na kiti cha Mzee Joab angekikalia. Alimtazama Bwana Lewis. Ukuta. Alijua akifungua mdomo anaweza kuipoteza nafasi palepale, na hilo lilimuuma, lakini lililomzuia lilikuwa jingine. Kosa lilikuwa lake, ndiyo, ila kile kitabu kilikuwa cha mtu mwingine, mtu aliyebakiwa na siku kumi na nane kustaafu kwa heshima. Siri ya wawili hatoi mmoja.

Akainua macho hadi nyuma ya ukumbi.

Mzee Joab alikuwa amesimama. Aliinua tu mkono wa kulia juu ya vichwa vya watu, akazungusha kidole kuelekea dari, taratibu, jinsi anavyomwongoza dereva wa foklifti mwenye mzigo mzito. Inua.

Mejumaa akainua.

Aliwasimulia yote. Harusi, hina, mfuko wa Ngumbao, muhogo uliomkwama. Walivunjika mbavu kwa ule muhogo. Kisha akafika penyewe, na sauti ikampungua.

"Kusahau spana si lile kosa," alisema. "Kusahau kila mtu husahau. Kosa ni kwamba kivuli nilikiona. Niliulizwa zote zipo, nami nikaona kwa macho yangu haipo, nikajibu ipo. Niliogopa kuchelewa harusi. Na lori likasimamishwa, na kitabuni ikaandikwa kwamba kifuniko kilikazwa upya, na mimi nikanyamaza. Miaka tisa. Leo ndiyo mara ya kwanza nalisema."

Hakuna aliyecheka.

"Na huyo aliyeandika kitabu?" kijana mmoja akauliza. "Yuko wapi?"

"Niko hapa," Mzee Joab akasema kutoka mlangoni, kofia mkononi. "Niliandika mimi. Nilimwona binti amekuja kuniambia Jumapili, samaki wangu mezani, hakungoja Jumatatu. Nikasema mtu kama huyu sitamfukuzisha. Lakini ilinipasa niandike ukweli na bado nimtetee. Hilo nalo ni kosa, liandikeni."

Wakaliandika kweli. Makofi yalipoanza yalichelewa kunyamaza, na katikati ya makofi hayo Bwana Lewis alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatoka nje bila kumtazama mtu.

Mejumaa alibaki na tabasamu lililomganda usoni. Watu walimzunguka, Maxwell akampa kadi yake, yeye anaitikia tu. Wa mwisho kumfikia alikuwa Mutanu.

"Dada, kuna mita ya kupimia umeme, ya maabara," alisema kwa haraka. "Niliichoma wiki iliyopita. Nikaipangusa, nikairudisha kabatini kimya. Atakayeishika mara nyingine ataambiwa ni yeye."

Mejumaa alimwekea mkono begani. "Mwalimu Caroline yule pale. Bado hajatoka."

Msichana alikwenda. Mejumaa aliwatazama kwa mbali: Mwalimu Caroline alikunja uso, akasikiliza, akakunja zaidi, kisha akauvuta mkono wa Mutanu na kukaa naye chini. Angalau hilo limekwenda, Mejumaa alijiambia.

Njiani Ngumbao hakumwonea huruma. "Jumatatu uje na gunia, dada. La kubebea vitu vyako."

"Nyamaza wewe," Mzee Joab akasema. Kisha akamgeukia Mejumaa. "Wajuta?"

"Nafasi naijutia, mzee. Naitaka hata sasa. Lile nililosema silijutii."

"Basi lala."

Akalala. Jumapili shangazi yake alisikia kisa chote, akampakulia mbaazi mara mbili. Kwa shangazi huo ni wosia mzima.

Jumatatu Bwana Lewis hakuonekana karakana. Mlango wa ofisi yake juu ya ngazi ulibaki umefungwa mchana kutwa, na mafundi wakawa wanaupigia jicho kana kwamba una mgonjwa ndani. Mejumaa alifanya kazi yake. Alifungua mitambo mitatu, akafunga mitatu. Saa kumi na moja kasorobo akasimama mbele ya ubao, mikono kiunoni. Safu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa, kumi na tatu imelala mahali pake. Ya tatu ikamsimamisha.

"Zote zipo?" Mzee Joab akauliza mlangoni.

"Hapana," Mejumaa akasema. "Koleo halipo."

Kazi ikaanza. Waliinama chini ya meza, walipanda juu ya makontena, walimgeuza Ngumbao mfuko wa nyuma. Zikatoka bolti tatu, peremende na risiti ya kinyozi, koleo hamna. Mitambo mitatu ya siku ile ikafunguliwa tena yote. Saa kumi na moja na nusu ilipita, jua likaanza kuegemea, na hakuna aliyenung'unika, maana kila mmoja alikuwa ameshawahi kuwa ndiye aliyepoteza.

Mlango wa juu ukafunguliwa. Bwana Lewis alishuka ngazi na mkoba wake, funguo za gari mkononi, akawakuta watu kumi na mmoja wamesimama wamelowa jasho.

"Kuna nini? Mbona hamjatoka?"

"Koleo halipo, Bwana Lewis," Mejumaa alisema. "Hatutoki."

Bwana Lewis alisimama ngazi ya mwisho. Angeweza kuitikia kichwa na kupita. Mzee Joab alikuwa ameshampisha mlangoni, na gari lake lilikuwa hatua kumi tu. Akakohoa. Akashusha mkoba chini. Halafu ule uso ambao mafundi wameutazama miaka yote bila kuona kitu, ukaanza kuingia haya taratibu, kuanzia machoni.

"Ni mimi," alisema. "Asubuhi kibao cha namba ya gari kilikuwa kinataka kuanguka. Nyinyi hamjafika. Nikalichukua, nikasema nitalirudisha sasa hivi."

Alikwenda garini, akarudi nalo. Akamnyooshea Mejumaa.

Mejumaa hakulipokea. Si kwa kiburi. Ndivyo ilivyo pale, aliyechukua ndiye atundikaye. "Mahali pake ni pale," alisema. "Safu ya tatu. Kichwa chini, Bwana Lewis."

Meneja alilitundika, likakaa upande, akalirekebisha mpaka kivuli kikafunikwa chote. Ngumbao alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia, mabega yanamtikisika. Bwana Lewis akaokota mkoba wake, na bila kumgeukia yeyote hasa, akasema, "Jumamosi nilitoka kwa kuwa sikujua niseme nini. Nilikaa na kile kitabu siku mbili. Nimeandika ukweli chini yake, na sahihi yangu. Yule bwana wa Nairobi nitampigia simu kesho asijisumbue." Lakini hakwenda zake. Alisimama pamoja na wengine, akingoja kuhesabiwa.

Mejumaa akaugeukia ubao aanze upya, kwa kuwa hesabu iliyokatika huanzwa mwanzo. Akahisi mtu kando yake. Mzee Joab alikuwa ameuacha mlango. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akiuacha mlango wakati wa hesabu.

"Basi, binti yangu," alisema.

Mejumaa alimtazama. Hakuona haya wala hakujificha. Machozi yalimtoka mbele ya mafundi wote, akayapangusa kwa mkono wenye grisi, akajipaka mstari mweusi shavuni.

"Nenda wewe mlangoni," Mzee Joab akasema. "Uliza."

Akatembea mpaka mlangoni, akageuka. Ubao wote ulionekana kutoka pale, mweupe, na mzee mbele yake, mikono kiunoni, anapitisha macho safu baada ya safu bila haraka yoyote.

"Zote zipo?" Mejumaa akauliza.

Mzee Joab alifika safu ya mwisho ndipo akajibu.

"Zote zipo, fundi mkuu."